Mshiko

Mipira ya mipini imekuwa kioo.
Alhamisi, shimo la saba, umande haujakauka,
namba tano ilinichoropoka mikononi
ikaruka mbali kuliko kile kipira cheupe,
na Senga akacheka mpaka akashika mbavu.
"Effie," akasema, "ama ubadilishe mipini
ama uanze kushindana kurusha mkuki."

Nikaenda duka la kiwanjani.
Lorne, kijana wa kaunta,
masikio mekundu kwa baridi ya Methil,
akanitandikia mipira kama muuza vitambaa:
huu una nyuzi ndani, mvua si kitu kwake;
huu laini, shavu la mtoto;
huu ndio wanaoushika washindi.
Pauni kumi na mbili kila mmoja.
Nina fimbo kumi na tatu,
na mshahara wa kufagia shule naujua hesabu zake:
hiyo ni gesi ya mwezi mzima
na chenji isiyotosha samaki.

"Na ile?"
Nilionyesha ndoo chini ya meza,
mipira myeusi, mitupu, haina jina la mtu,
pauni tatu tatu.
Lorne akashusha sauti kama yumo chumba cha mgonjwa:
"Ile ni... ya kawaida."
Hata mimi, mwanangu, ni wa kawaida.

Lakini sikuchukua kwa macho;
cha bei rahisi hukudai baadaye, tena na riba.
Niliukunja mmoja, ukarudi.
Niliukwaruza kwa ukucha, haukuacha weusi.
Niliunusa: mpira, si lami.
Kisha nikaufumba, na ncha za vidole
zikachimba kiganja.
Mwembamba mno kwa viungo hivi
ambavyo asubuhi hugoma hata kufungua maziwa.

Hapo Lorne akaacha kuuza, akaanza kusema kweli.
"Utepe," akasema, "zungusha mara tatu badala ya moja.
Mpira utanenepa juu yake.
Utepe ni senti tu."

Kumi na mbili, basi.
Fimbo ya kusukumia nimeiacha na ngozi yake,
imeshajua kidole gumba changu kinapolala.

Usiku, meza ya jikoni, gazeti, chupa ya tapentaini,
dirisha wazi na ukungu wa bahari unaingia bila hodi.
Nikachukua kisu cha ndoana cha Wattie
alichokatia linoliamu miaka ishirini kule Kirkcaldy,
nikaibana fimbo kwa magoti,
nikapasua.

Chini ya mpira:
utepe wa bluu. Wa fundi umeme.
Umezungushwa kombo, umekunjamana
kama soksi ya mtoto.

Wattie!
Mwaka tisini na moja nilikupa pauni themanini
kutoka kopo la chai, zawadi ya Krismasi,
umpelekee mtaalamu akuvishie fimbo zako.
Ukarudi ukinionyesha, "Ona kazi ya mtu aliyesoma."
Nami nikasifu!
Mshiko wa mipini ndio huu hapa, wa bluu.
Ule mshiko mwingine, wa noti,
uliushikisha nani?

Nikampigia Senga, saa nne usiku.
Alinyamaza kidogo.
"Mwaka ule," akasema, "si ndio ulipata lile koti la kijani?"
Sikumbuki ni mwaka gani nilipata koti la kijani.
Huenda ndio. Huenda ni farasi, kwenye mbio za Ayr.

Nikabandua, nikazungusha mara tatu,
nikamimina, nikasukuma upesi kabla haujashika,
harufu ikanipanda kichwani.
Wa tatu umekaa upande. Nimeuacha hivyo.

Nilipofika namba saba nikasita, kisu mkononi.
Bluu yake ilikuwa bado imara,
imenata kwenye chuma miaka yote hii.
Sikuibandua.
Nilizungusha mpya juu yake, mara moja tu,
nikavisha mpira wa pauni tatu, nikaufumba.

Unene umetosha.